Kuasili mtoto kutoka nchi ya nje: msilipe kabla ya kuuliza haya

Dada, umesema wewe na shemeji mko Marekani, mnataka kukopa ili muasili mtoto kutoka nje, na wakala anadai fedha zote mwanzoni. Msilipe zote. Nchi hufunga mlango ghafla: Ethiopia ilipiga marufuku mwaka 2018, na China iliposimamisha mwaka 2024, familia zilizokwisha kupangiwa mtoto, picha yake wanayo, zilibaki mikono mitupu. Someni mkataba: nchi ikifunga, mnarudishiwa kiasi gani? Kwenye bajeti wekeni pia gharama za ukaguzi wa nyumba yenu, tafsiri za nyaraka, nauli, na wiki za hoteli mkisubiri mahakama na viza.

Linaloniumiza zaidi ni hili: si kila mtoto aliye kituoni ni yatima. Wengine wana mama aliyeshindwa tu kuwalisha. Ulizeni nani alimleta, nani alitia sahihi, na je, alielewa kuwa mtoto harudi tena? Wakala akikwepa hapo, ondokeni, hata kama mmeshampenda mtoto. Faili la afya lisomwe na daktari wa watoto kabla hamjakubali. Na akishafika, fuatilieni cheti chake cha uraia mapema.