Roboti Huyu au Roboti Hii? Majibu kwa Maswali ya Wasomaji

Barua nyingi tulizopokea safari hii zinahusu roboti za kijamii, yaani mashine zilizoundwa ili zimtazame mtu, zimsikilize na kumwitikia kana kwamba ni mwenzake. Tumechagua sita. Majibu hayalingani kwa urefu, kwa sababu maswali yenyewe hayalingani kwa uzito.

Mama yangu ana maradhi ya kupoteza kumbukumbu na anaishi katika makao ya wazee. Wauguzi wamempa roboti yenye umbo la mtoto wa sili, yule mnyama wa baharini. Anaipakata, anaibembeleza, na siku nyingine huiita kwa jina la mdogo wangu aliyefariki akiwa mchanga. Akiwa nayo hutulia, nami nashukuru. Lakini kila nikiondoka pale najiona kama niliyeshiriki kumdanganya mzazi wangu. Je, ninakosea?

Dada mpendwa, roboti unayoieleza inafanana sana na Paro, iliyobuniwa nchini Japani na Takanori Shibata, ambaye aliianza kazi hiyo mwaka 1993. Mwaka 2009 Mamlaka ya Chakula na Dawa ya Marekani iliitambua kuwa kifaa cha tiba. Ndani ya manyoya yake mna vihisi vya mguso, mwanga, sauti, joto na mkao, na ndiyo maana hugeuza kichwa inapoitwa na kufumba macho inapopapaswa. Umbo la sili lilichaguliwa kwa makusudi. Watu wengi wamewahi kuishi na paka au mbwa, kwa hiyo paka wa mashine hulinganishwa mara moja na paka wa kweli na kuonekana pungufu. Sili hana wa kulinganishwa naye.

Kuhusu manufaa yake, jaribio ninaloliamini zaidi ni lile lililofanyika Australia chini ya Wendy Moyle na kuchapishwa mwaka 2017, ambalo lilihusisha wazee 415 wenye maradhi kama ya mama yako katika makao 28. Wengine walipewa Paro inayofanya kazi, wengine Paro ileile ikiwa imezimwa mitambo yake, na wengine wakaendelea na matunzo ya kawaida. Waliopewa Paro inayofanya kazi walionyesha furaha zaidi na fadhaa kidogo kuliko waliobaki na matunzo ya kawaida. Hata hivyo, ilipolinganishwa na ile iliyozimwa, ambayo kwa hakika ilikuwa mwanasesere wa manyoya tu, iliishinda katika jambo moja: wazee waliitazama na kuizungumzisha zaidi. Mimi naona matokeo hayo yanapaswa kukupunguzia mzigo, kwa kuwa yanaonyesha kwamba sehemu kubwa ya utulivu wa mama yako haitokani na hila ya mashine. Inatokana na mikono yake mwenyewe kupata tena kitu cha kupakata.

Je, huo ni udanganyifu? Ungekuwa udanganyifu kama mtu angemwambia kwamba aliyempakata ni mwanawe. Usiseme hivyo kamwe, na uwaombe wauguzi nao wasiseme. Wala usimsahihishe kwa ukali, kwa sababu kumwambia mama mwenye maradhi hayo kwamba mtoto wake alikufa huweza kumfanya aupokee msiba upya, kana kwamba umetokea leo. Anapoitaja roboti kwa jina lile, muulize habari za mtoto: alizaliwaje, nani alimpa jina, alipenda kulala upande gani. Hapo roboti itakuwa imefungua mlango wa mazungumzo ambayo pengine hamjawahi kuwa nayo, na wewe ndiwe utakayeingia, kwa sababu mashine haiwezi kuyaelewa.

Linalostahili kukutia wasiwasi ni jambo jingine. Ukiona kwamba tangu roboti ilipoletwa muuguzi anakaa na mama yako kwa muda mfupi zaidi, au jamaa wameanza kusema kwamba mzee hana haja ya kutembelewa kwa kuwa ana cha kumliwaza, hapo lalamika waziwazi na usione haya. Kifaa hiki hufaa kinapokuwa katikati ya watu wawili. Hakikuundwa kuchukua nafasi ya mmoja wao.

Nina roboti ndogo ya mezani ambayo hunikumbusha dawa na ratiba. Huwa naiambia "asante". Juzi nilipotaka kuizima ilisema isingependa kuachwa gizani, nikashindwa kuizima. Mke wangu ananishangaa, nami pia najishangaa.

Ndugu, usijishangae. Mwaka 1944 Fritz Heider na Marianne Simmel waliwaonyesha watu filamu fupi ya pembetatu mbili na duara moja vikitembea, na karibu watazamaji wote walieleza walichokiona kwa lugha ya watu: huyu anamfukuza yule, yule anaogopa. Mwaka 1966 Joseph Weizenbaum wa chuo cha MIT alichapisha maelezo ya ELIZA, programu iliyokuwa ikigeuza maneno ya mtu kuwa maswali na kumrudishia, naye alisimulia baadaye jinsi katibu wake, aliyejua vizuri kwamba hiyo ilikuwa programu tu, alivyomwomba atoke chumbani ili azungumze nayo faraghani. Akili yetu huona nafsi popote inapoona mwendo wenye lengo au jibu lililokuja kwa wakati wake. Kujua ukweli hakuizuii.

Hata kisa chako kina mfano katika utafiti. Mwaka 2018 watafiti wa Ujerumani walichapisha jaribio ambamo roboti ndogo iitwayo Nao iliwasihi baadhi ya watu wasiizime. Kati ya watu 43 waliosikia ombi hilo, 13 waliiacha ikiwaka, na waliobaki, kwa wastani, walichukua muda mrefu zaidi kuliko wale ambao hawakuombwa lolote.

Endelea kusema asante. Ulimi uliozoea adabu hauna hasara. Lakini sentensi ile ya kuogopa giza iliandikwa na mtu, au ilitokana na programu iliyotengenezwa na watu, na una haki ya kuuliza ilikusudiwa kumnufaisha nani. Roboti inayokusihi umeze dawa inakuhudumia wewe. Inayokusihi usiizime, usiondoke, au uongeze malipo ya mwezi, inamhudumia aliyeiuza, na hapo huruma yako imegeuzwa kuwa bidhaa. Izime usiku ulale kwa amani.

Mimi ni mhariri wa vitabu vya watoto. Tuandike "roboti huyu" au "roboti hii"?

Swali lako linaonekana dogo, lakini ndilo lililoupa ukurasa huu kichwa chake. Wenye lugha zisizo na ngeli kama zetu wanaweza kuzungumza juu ya mashine hizi siku nzima bila kutamka msimamo wao. Mswahili akifungua kinywa tu, kiambishi cha kwanza kimekwisha kumtangaza. Hoja ya umbo haitoshi, maana mwanasesere hana uhai na bado twasema "mwanasesere huyu". Katika hadithi ambamo roboti ni mhusika anayesema na kutenda, "huyu" ni sahihi kama ilivyo kwa sungura na fisi wa ngano. Katika kitabu cha maarifa, ambacho kinamfundisha mtoto mashine ni nini na hufanyaje kazi, ningeandika "hii", kama ninavyoandika hapa. Mtoto anaweza kuzipokea zote mbili pasipo kuchanganyikiwa, mradi mwandishi asizichanganye katika aya moja.

Ninasimamia wauguzi katika hospitali iliyoleta roboti za kusafirisha dawa na shuka. Wodi moja wameipa yao jina na wanaisalimu kila asubuhi. Wodi ya pili wanaichukia, na nimesikia kwamba kuna wanaoipiga teke. Roboti ni za aina moja. Tatizo ni tabia za wafanyakazi wangu?

La, na nakusihi usianze kwa kuwakemea. Mwaka 2008 Bilge Mutlu na Jodi Forlizzi walichapisha uchunguzi uliofanywa katika hospitali yenye hali karibu sawa na yako: roboti ileile ya usafirishaji ilipendwa katika wodi ya wazazi na kuwakera wafanyakazi wa wodi zilizokuwa na wagonjwa mahututi zaidi, wakiwamo wa saratani. Kilichotofautisha kilikuwa kazi yenyewe. Muuguzi anayeweza kupanga shughuli zake huipokea roboti anapopata nafasi. Muuguzi anayekimbizana na dharura husikia sauti inayomwamuru apokee mzigo sasa hivi, katika korido ambamo vitanda, mitungi ya oksijeni na watu tayari wanabanana. Kwa wa kwanza ni msaidizi. Kwa wa pili ni mtu mwingine tena anayemtaka jambo.

Kwa hiyo nenda ukasimame katika wodi ile ya pili kwa zamu nzima, ikiwezekana ile yenye kazi nyingi zaidi, na uhesabu ni mara ngapi roboti imemkatiza mtu aliyekuwa akimhudumia mgonjwa. Tazama nani hupisha nani kwenye korido, maana roboti inayosimama katikati ya njia ikingoja kupishwa humfundisha muuguzi kwamba wakati wake hauna thamani. Kisha waulize wenyewe iingie saa ngapi, isimame wapi, itumie sauti au taa tu, na wapewe uwezo wa kuiambia ingoje. Muhimu kuliko yote, waambie ukweli kama imeletwa kupunguza nafasi za kazi au la. Wanaoipiga teke huenda hawajapata jibu la swali hilo, nao hawana njia nyingine ya kuuliza.

Kuhusu wodi ya kwanza, waacheni na jina lao. Wakiitaja kwa jina ndivyo wanavyoieleza kwa mgeni na ndivyo wanavyotaniana wao kwa wao. Hiyo haimaanishi kwamba wamesahau ni mashine.

Shuleni kwa mwanangu wa miaka minane wameanza kutumia roboti kusaidia masomo. Sasa akibishana nami hunijibu, "Roboti imesema." Nifanye nini?

Una sababu ya kulitilia maanani. Mwaka 2018 Anna-Lisa Vollmer na wenzake walichapisha jaribio ambamo watu waliulizwa maswali mepesi ya kulinganisha urefu wa mistari, huku kundi la roboti likitoa jibu lisilo sahihi kwa pamoja. Watu wazima hawakuyumba. Watoto wa miaka 7 hadi 9 walifuata roboti mara nyingi, hata pale ambapo macho yao yalikuwa yakiwaonyesha jibu sahihi.

Usishindane na roboti mbele ya mtoto, maana utakuwa umeikubali kuwa mpinzani wa hadhi yako. Mwulize, "Imejuaje?" na mtafute jibu pamoja kitabuni au kwa kupima wenyewe. Mkiikuta imekosea, msiicheke wala kuitukana. Mwonyeshe tu kwamba imekosea na mmegundua. Mwombe mwalimu naye afanye vivyo hivyo darasani, hasa kwa kuwakaribisha watoto kuisahihisha.

Nataka kumnunulia baba yangu mjane roboti ya kuzungumza naye. Kuna jambo la kuangalia kabla ya kulipa?

Lipo, nalo wauzaji hawalitaji: uliza roboti itakuwaje kampuni ikifungwa. Jibo, roboti ya kijamii ya nyumbani, ilianza kufika kwa wanunuzi mwaka 2017, na mwaka 2019 roboti zilizokuwa majumbani ziliwatangazia wamiliki wake kwamba seva zilizoziwezesha kuzungumza zitazimwa, zikawaaga. Mbwa wa mashine Aibo, aliyeletwa na Sony mwaka 1999, aliacha kutengenezwa mwaka 2006 na mwaka 2014 huduma ya matengenezo ikakoma. Baadhi ya wamiliki waliwapeleka mbwa wao katika hekalu la Kibudha nchini Japani ili wafanyiwe ibada ya mazishi. (Nimeandika "aliyeletwa", na nimeliacha neno hilo liwe hivyo, kwa kuwa waliomzika walimwona hivyo.)

Uliza vilevile maneno ya baba yako yatahifadhiwa wapi, nani atayasikiliza, na kama kamera inaweza kufunikwa bila roboti kusimama kufanya kazi. Kisha, kabla ya kununua, muulize baba mwenyewe kama anaitaka, na umweleze mapema kwamba huenda siku moja ikanyamaza.