Kwa nini vyura wamepungua katika majaruba yetu

Ndugu uliyeuliza kwa nini bonde lenu la Misungwi, lililokuwa likivuma kwa sauti za vyura kila mvua za kwanza ziliponyesha, limenyamaza tangu mlipoanza kutumia dawa ya magugu: mimi nalima mpunga upande wa Magu, katika bonde ambalo maji yake huingia Mto Simiyu na hatimaye Ziwa Victoria, na nimeyaona hayohayo.

Kwa jinsi nilivyoona, tatizo kubwa ni majira. Vyura hutaga mvua zinapoanza, na wiki hizohizo ndizo tunazopulizia dawa, kupandikiza na kuweka mbolea. Chura mzima anaweza kuruka tuta akahama, ingawa ngozi yake hupitisha maji na hewa, na kwa hiyo sumu pia. Kiluwiluwi hana pa kukimbilia, kwa kuwa hupumua kwa matamvua ndani ya maji hayohayo hadi aote miguu.

Msimu mmoja nilipuliza glaifoseti, dawa ya kuua magugu, jioni, usiku ikanyesha mvua kubwa, na maji yakapita juu ya tuta hadi kwenye dimbwi tunalonyweshea ndama. Kesho yake viluwiluwi walikuwa wameelea, wengi kiasi cha kuchotwa kwa ungo, nami nilihuzunika kwa sababu kazi hiyo ilikuwa ya mikono yangu. Nilidhani nimekosea kipimo. Baadaye nilijifunza kwamba katika baadhi ya dawa hizo kinachowadhuru zaidi si glaifoseti yenyewe, bali kiambato kilicho kama sabuni, kinachotiwa ili dawa ishike majani, ambacho huharibu matamvua.

Wanaolima mahindi juu ya bonde nao wanahusika. Mwaka 2010 Tyrone Hayes wa Chuo Kikuu cha California, Berkeley, alichapisha utafiti ambamo vyura madume waliokuzwa katika maji yenye atrazini, dawa ya magugu ya mahindi, sehemu 2.5 tu kwa bilioni, takriban mmoja kati ya kumi aligeuka jike mwenye kutaga. Matokeo hayo yamebishaniwa sana. Hata hivyo, mimi siwezi kuyapuuza wakati maji ya mlimani yanashukia kwangu.

Mbolea ya yurea nayo hutoa amonia, ambayo ni sumu kwa viluwiluwi, majini, na mbolea inayobaki hustawisha mwani ambao ukioza humaliza oksijeni.

Siku hizi sipulizi mawingu yakiwa yametanda, naziba mlango wa jaruba kwa wiki nzima baada ya dawa au mbolea, nimeacha ukanda wa matete wa hatua kumi kando ya mkondo, na bomba la kupulizia silioshei kamwe kijitoni. Huu ni msimu wa tatu. Kamba ndefu za mayai ya chura mwenye vinundu zimerudi dimbwini. Wale wadogo wanaolia kwenye matete bado sijawasikia.