Nakala ya Oz "ya 1910": soma kwanza jina la mchapishaji

Usitume fedha hizo. Umeandika kwamba muuzaji wa Iringa anadai shilingi 700,000 kwa nakala ya The Emerald City of Oz, kitabu cha hadithi cha watoto cha Kimarekani, "ya mwaka 1910, kwa kuwa mwaka umeandikwa ndani", ukauliza kama bei hiyo ni ya haki. Nilipofika kwenye "umeandikwa ndani" nilikiweka chini kikombe cha chai, kwa sababu maneno hayo hayo ndiyo yaliyonifanya niuze magunia tisa ya viazi hapa Uyole ili ninunue nakala kama hiyo.

Mwaka ulio nyuma ya ukurasa wa jina la kitabu ni wa hakimiliki, nao hubaki vilevile hata kitabu kikichapwa upya miaka ishirini baadaye. Mtazame mchapishaji, ambaye jina lake liko chini ya ukurasa huo na chini kwenye mgongo wa jalada. Mwandishi wake, L. Frank Baum, alipokitoa kitabu hicho mwaka 1910, kampuni ya Chicago iliyokichapisha iliitwa Reilly & Britton; jina la Reilly & Lee lilianza mwaka 1919, mwaka ule ule aliofariki Baum. Kwa hiyo nakala yenye "Lee" haiwezi kuwa ya 1910, hata muuzaji akiapa kwa mizimu ya kwao. Yangu ilikuwa na "Lee" ambayo babu angeisoma bila miwani, lakini macho yangu yalikuwa yameganda kwenye tarakimu nne.

Kilichoniuma zaidi ni picha. Toleo la kwanza lina picha 16 za rangi za John R. Neill, zenye wino wa kijani unaometameta, na yangu haikuwa na hata moja. Bwana mmoja niliyemwamini kama mtaalamu, kumbe akigawana faida na muuzaji, alinieleza kwa upole kwamba watoto wa wamisionari walizinyofoa wakazibandika ukutani, nami nikalipa. Baadaye nilipekua karatasi moja moja kwa tochi ya simu, nikitafuta kovu la gundi au ncha iliyochanika, nisione kitu: michapo ya miaka ya baadaye ilitolewa bila picha za rangi. Watoto hao, kama walipata kuzaliwa, nawaomba radhi.

Basi dai picha ya ukurasa wa jina na ya mgongo wa kitabu kabla ya kutaja bei yoyote. Ukiona "Britton" usishangilie upesi, kwa sababu nao walikuwa wakirudia kuchapa. Hesabu picha za rangi zitimie 16. Muuzaji wangu nilipomwomba picha hizo alijibu kwamba mvua imemzuia kupiga, na ilikuwa mwezi wa Agosti.