Kabla hujapiga bluzi na wenzako, shika rizimu

Vijana wanaonifuata hapa Kigoma kuniuliza wajiandaeje ili wajiunge nasi jioni tunazopiga bluzi, karibu wote huanzia kwenye solo. Wanataka kujua ni skeli ipi (mpangilio wa sauti), waanzie freti ya ngapi (vyuma vya shingo ya gitaa), na wavuteje uzi ulie. Mimi huwauliza kwanza: rizimu yako, yaani upigaji wako wa kusindikiza, ikoje? Piga hesabu mwenyewe. Mkiwa wapiga gitaa 5 na kila mmoja akapewa zamu sawa ya solo, zamu moja ni yako na 4 unawasindikiza wenzako. Mtu atakayekuita tena wiki ijayo amekupima kwa hizo 4.

Sisi wa huku tumelelewa na rumba. Muziki wa Kongo umekuwa ukivuka ziwa tangu enzi za babu zetu, na hiyo ni akiba kubwa: vidole ni vyepesi, na sikio linazijua kodi kuu 3 (kodi ni sauti kadhaa zinazopigwa pamoja) hata kama mwenyewe hujui majina yake. Tatizo ni kwamba seben, ile sehemu ya rumba ya kuchezea ambapo magitaa hutawala, huzunguka mduara mfupi, na gitaa hujaza kila upenyo. Bluzi ya kawaida ina mduara mrefu wa vipimo 12, kila kipimo mapigo 4. Kwenye kii ya A, yaani A ikiwa ndiyo nyumbani kwa wimbo, unakaa A vipimo 4, unakwenda D vipimo 2, unarudi A vipimo 2, kisha E kimoja, D kimoja, A kimoja na E kimoja. Ni hapo kwenye vile 4 vya mwisho ambapo mtu wa rumba hupotea, kwa sababu kodi hubadilika kila kipimo, na ile E ya mwisho ndiyo inayowarudisha wote mwanzo kwa pamoja.

Dawa yake ni kuhesabu kwa sauti, namba ya kipimo ikiwa mbele: moja mbili tatu nne, mbili mbili tatu nne, tatu mbili tatu nne, hivyo hivyo hadi 12. Endelea mpaka uweze kumjibu mtu anayekusalimia bila mkono kupoteza kipimo. Ukishaweza kwa A, hamia E, halafu G. Na kabla wimbo haujaanza, uliza kama kipimo cha pili kinakwenda kwenye kodi ya D au mnabaki A. Nyimbo nyingi zinakwenda, na asiyeuliza hujulikana papo hapo.

Kuna pia mwendo, ambao kwangu ndio roho ya jambo zima. Ule wa shafo hugawa kila pigo mara 3: unapiga ya kwanza na ya tatu, ya katikati unaiacha ipite kimya. Ukizipiga sawasawa kama tunavyozoea, kodi zitakuwa sahihi kabisa na bado haitasikika bluzi. Mzee anayetupigia besi ana namna yake ya kumjaribu mgeni. Haangalii mkono wa kushoto hata kidogo. Anaangalia kisigino. Kisigino kikitua na drum anatikisa kichwa mara moja, anafumba macho na kuendelea. Kisipotua, anasogea karibu na kupiga besi kwa uzito zaidi hadi mgeni aingie. Jifunze kukaa na kisigino chako nyumbani, bila gitaa, ukitembea hata barabara ya kwenda Kibirizi.

Wa kumsikiliza kwa rizimu ni Jimmy Reed, mwanabluzi wa Marekani. Mwendo wake hauna haraka, unarudiwa bila mapambo, na kila kitu kinasikika wazi. John Lee Hooker, Mmarekani mwenzake, ninampenda mno, lakini mweke baadaye: mara nyingi alibadilisha kodi pale uimbaji wake ulipomtuma, kwa hiyo ukijifunzia kuhesabu kwake utachanganyikiwa.

Solo nayo ina zamu yake. Kwa kii ya A, sauti 5 zinatosha kuanzia: A, C, D, E na G, mkono ukiwa freti ya 5. Ile C ivute kidogo tu, isifike C# (freti moja juu yake) kabisa. Kilio cha bluzi kimejificha katikati hapo. Kisha msikilize B.B. King, mwanabluzi mwingine wa Marekani, aliyefika Kinshasa mwaka 1974 na kupiga mbele ya ndugu zetu wa Kongo. Anaimba mstari, ananyamaza, gitaa linamjibu. Fanya vivyo hivyo: imba mdomoni sentensi fupi, ijibu kwa nyuzi, halafu acha. Ukiona unakosa pumzi ya kuiimba, ujue ni ndefu mno.

Siku yenyewe, fika mapema. Waamkie wakubwa. "Shikamoo mzee, naomba kupiga rizimu wimbo mmoja" inafungua mlango kuliko kuja na gitaa limeshachomekwa. Tyuni kabla hujapanda, beba waya wako na nyuzi za akiba, hasa ule mwembamba kuliko zote, na usiguse amplifaya ya mtu bila ruhusa. Mwimbaji akianza, punguza sauti yako. Macho yawe kwa anayeongoza: kwetu akikuinulia kidevu, solo ni yako, akiinua shingo ya gitaa, tunamalizia. Ukipotea, usitafute kodi kwa kelele. Bana nyuzi, msikilize mpiga besi, ingia kwenye kipimo cha kwanza. Umeme ukikatika, gitaa kavu linaendelea, na mimi hupenda sana nyakati hizo kwa sababu kila mtu analazimika kupiga taratibu ili amsikie mwenzake.

Kama uko Kasulu, Uvinza au kwingine ambako hakuna wanaopiga bluzi, anza na wapigaji wa kwaya. Makanisani kuna watu wa besi na drum wenye masikio mazuri, wanaojua kufuata mwimbaji. Waombe muda baada ya mazoezi yao, waandikie vile vipimo 12 kwenye karatasi moja, kii ya A, mwendo wa polepole, na uwaambie kila mmoja atapata zamu.