Askari wa Hifadhi na Daftari la Hesabu

SWALI: Shikamoo mzee. Ni askari wa wanyamapori hapa Kasese, Uganda, nina shahada ya zuolojia. Nimepandishwa cheo, nikakabidhiwa bajeti, nayo inanitoa jasho. Kuna ufadhili wa kusomea biashara na mazingira pamoja?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Jasho hilo nalijua. Nilipoendesha kambi ya watalii Fort Portal, ndege wote niliwajua kwa majina, ila sikujua kwa nini pesa huisha kabla ya mwezi.

Vyuo vikuu vya Yale na Michigan, huko Marekani, vina shahada mbili za uzamili kwa mpigo, ya biashara na ya mazingira, takriban miaka 3. Cambridge, huko Uingereza, wana uzamili wa uongozi wa uhifadhi, ambao hauzidi mwaka. Ningeanzia huko, bosi asije akakusahau.

Kwenye barua ya maombi ya ufadhili usiandike kwamba unawapenda ndovu, nani hawapendi? Andika kuhusu ile asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi inayorudi kwa majirani: iligawiwaje kwenu, nani alinung'unika, na wewe ungeigawa vipi. Weka tarakimu. Halafu mpe mhasibu wenu aisome kwanza, hata kama hamsalimiani.