Mtoa mada ana mkono mmoja tu

Programu yangu ya kwanza ya kuonyesha slaidi niliijaribia chumbani kwangu Nyegezi, Mwanza, usiku, kwa projekta ya kuazima. Ilipendeza sana. Mandhari ya bluu iliyokoza, maandishi ya kijivu, slaidi zikipishana taratibu. Wiki iliyofuata ikatumika kwenye mafunzo ya wavuvi, katika ukumbi ulio jirani na mwalo, saa tano asubuhi. Madirisha wazi pande zote mbili, jua la ziwani limejaa ndani. Afisa uvuvi alikuwa anaeleza kwa nini sangara wa chini ya sentimita 50 haruhusiwi kuvuliwa. Mama mmoja mchuuzi wa dagaa, aliyekaa nyuma, akanyoosha mkono akaniambia, "Mwanangu, hapo ukutani kuna kitu?"

Kilikuwepo, ila hakionekani. Jambo hili nilipaswa kulijua kabla sijaandika mstari hata mmoja: projekta inatoa mwanga tu, haiwezi kutoa giza. Cheusi chake ni ukuta wenyewe ulivyo, na ukuta unaopigwa na jua hauwezi kuwa mweusi. Ndiyo maana mandhari ya giza yanayovutia usiku huwa ya kwanza kupotea mchana. Siku hizi programu yangu inaanza na maandishi meusi juu ya nyeupe, na anayetaka giza anachagua mwenyewe. Miongozo ya WCAG ya kurasa za intaneti inataka maandishi ya kawaida yatofautiane na mandhari kwa uwiano wa angalau 4.5 kwa 1. Hiyo ni kwa mtu aliye mbele ya skrini yake. Kwa ukumbi wa mchana mimi sishuki chini ya 7 kwa 1.

Rangi, hata hivyo, nilizirekebisha kwa jioni moja. Kilichonichukua miezi ni mikono ya yule afisa. Mmoja umeshika kipaza sauti. Uliobaki ndio wa kuonyesha ukutani, kufunua karatasi zake na kubonyeza kompyuta. Katikati ya maelezo, ujumbe wa simu iliyounganishwa na kompyuta yake ukajitokeza ukutani, mbele ya ukumbi mzima, ukimdai fedha. Akahangaika kuutafuta mshale wa kipanya kwa mkono ule mmoja. Alipoupata, sauti yake ilikuwa imeshabadilika, na haikurudi ilivyokuwa hadi mwisho. Niliumia, kwa sababu ningeweza kulizuia.

Hapo ndipo nilipoelewa kwamba kuandaa slaidi na kuzungumza nazo ni kazi mbili tofauti. Historia yenyewe inaonyesha. PowerPoint ilipotoka mwaka 1987 kwa ajili ya Macintosh, ilikuwa ya kutayarisha kurasa nyeusi na nyeupe za kuchapwa kwenye plastiki angavu. Uwezo wa kupeleka slaidi moja kwa moja kwenye projekta ulikuja na toleo la 3, mwaka 1992. Chombo kilizaliwa mezani, jukwaa likafuata baadaye, na wengi wetu tunaotengeneza programu hizi bado tunafikiri kwa utaratibu huohuo.

Kwa hiyo mtoa mada akishaanza, programu yangu inajifunga. Hakuna kuhariri, hakuna menyu, arifa zote zinazimwa, wala haiulizi swali lolote. Rimoti nyingi za slaidi hujitambulisha kwa kompyuta kama kibodi na kutuma Page Up na Page Down, basi hivyo ndivyo vitufe ninavyovitumikia kwanza. Mkono unaotetemeka hubonyeza mara mbili, nami napuuza mbonyezo wa pili ukija haraka kupita kiasi. Kitufe kimoja kikubwa kinaondoa slaidi ukutani, watu wamwangalie msemaji.

Umeme nao. Ukikatika, kompyuta mpakato inaendelea kwa betri lakini projekta inazima. Kompyuta inaona skrini ya pili imetoweka, inalirudisha dirisha la watazamaji, lile la slaidi za ukutani, huku kwa msemaji, na dirisha hilo linafunika maelezo anayoyasoma kwenye skrini yake. Waya wa HDMI, ule unaounganisha kompyuta na projekta, ukilegea mambo ni hayohayo. Dirisha la watazamaji likikosa skrini yake lijifiche, msemaji aendelee kusoma na kusogeza slaidi zake, na projekta ikirudi ionyeshe slaidi aliyofika yeye, siyo ile iliyokuwepo umeme ulipokatika. Namba ya slaidi iandikwe diskini kila inapobadilika, maana betri nyingine za kompyuta zimechoka.

Fonti na picha zote zikae ndani ya faili moja. Usitegemee intaneti kwa lolote. Na uzikubali projekta za zamani za 4:3, yaani upana nne kwa kimo tatu. Kumbi nyingi huku bado zinazo, na slaidi ya 16:9 iliyokatwa pembeni huondoka na nusu ya jedwali.

Kama unaanza leo, wiki za mwanzo achana kabisa na sehemu ya kuandalia slaidi. Chukua picha kumi tu, andika sehemu ya kuzionyesha, kisha omba ukumbi wenye madirisha saa sita mchana. Mpe mtu kipaza sauti azungumze kwa dhati juu ya jambo analolijua. Wewe kaa kiti cha nyuma kabisa, na akifika slaidi ya tano, mwombe mwenzako achomoe waya.