Mama ana dawa za kliniki mbili: mfamasia atamsaidia nini?

Ndugu uliyeuliza, umeeleza kwamba mama yako ana presha na kisukari, kwamba anahudhuria kliniki moja Tororo na nyingine hapa Busia, na kwamba sasa anameza dawa za aina saba kila siku huku miguu ikimvimba na kizunguzungu hakimwachi. Umeuliza kama kuna maana yoyote ya kumpeleka kwa mfamasia, ilhali madaktari wawili wamekwisha kumwandikia. Mimi ni mfamasia. Nilianzia hospitalini na sasa niko katika famasia iliyo karibu na mpaka wa Uganda na Kenya, na jibu langu ni kwamba hao madaktari wawili ndio sababu hasa ya kumpeleka.

Kila daktari anaijua vizuri dawa aliyoiandika yeye. Ya mwenzake anaijua tu ikiwa mgonjwa amemtajia au amebeba daftari sahihi. Huku kwetu wagonjwa wengi hawana faili moja linalowafuata. Wana daftari la shule lililonunuliwa dukani, na mwenye kliniki mbili mara nyingi huwa na madaftari mawili. Dawa ikikosekana kwenye stoo ya kituo cha serikali, anaandikiwa akainunue nje, naye huinunua anapoipata, leo upande wa Uganda, mwezi ujao ng'ambo ya mpaka kwa kuwa bei ya huko imemfaa. Hakuna aliyekosea katika mlolongo huo, lakini hakuna pia aliyeziona dawa zote zikiwa pamoja. Kazi ya kuziona pamoja, na kuzilinganisha na mtu mwenyewe anayezimeza, ndiyo kazi ya mfamasia, na kukabidhi dawa dirishani ni sehemu ndogo tu ya kazi hiyo.

Niruhusu nieleze kisa kimoja kwa urefu, kwa sababu kinafanana na chako. Alikuja mama mmoja kununua furosemidi, dawa ya kukojosha maji, akisema miguu imevimba na jirani amemshauri hivyo. Nilimwomba asinunue kwanza, arudi na kila anachokimeza. Kesho yake alirudi na kavera (mfuko wa plastiki) iliyojaa, tukamimina vyote juu ya kaunta. Ndani ya bahasha ya kaki kutoka kliniki mlikuwa na amlodipini, dawa ya presha, ya miligramu 10. Mlikuwa pia na kiboksi kilichonunuliwa ng'ambo, chenye jina kubwa la kibiashara, na chini yake, kwa herufi ambazo hata mimi nilizisogeza karibu na taa, kiliandikwa losatani (nayo ni dawa ya presha) 50 na amlodipini 5. Kwa hiyo alikuwa akimeza miligramu 15 za amlodipini kwa siku, wakati kiwango cha juu kabisa kwa mtu mzima ni 10. Chini kabisa ya kavera palikuwa na vidonge vya diklofenaki, dawa ya maumivu, alivyokuwa akivinunua mwenyewe kwa ajili ya magoti.

Ukizipanga kwa tarehe, hadithi inajieleza. Magoti yalianza kuuma, akaanza diklofenaki. Diklofenaki hupandisha presha, na ikikutana na losatani pamoja na dawa ya kukojosha maji huweza kuumiza figo vibaya. Presha ilipopanda, aliongezewa dawa ya presha. Amlodipini ilipozidi, miguu ikavimba, kwa maana dawa hii hutanua mishipa midogo ya damu na majimaji huvujia kwenye vifundo vya miguu. Uvimbe wa namna hiyo hautokani na mwili kujaa maji, kwa hiyo furosemidi isingeuondoa; ingemwongezea tu safari za chooni, upungufu wa potasiamu na kizunguzungu. Nilimpigia simu daktari wake tukiwa pale pale. Daktari aliisimamisha amlodipini ya bahasha, akakubali magoti yatibiwe kwa parasetamoli na dawa ya kupaka, na furosemidi sikuiuza. Baada ya wiki chache uvimbe ulikuwa umepungua na presha imetulia.

Sidai kwamba mama yako ana hilo hilo. Miguu huvimba pia kwa sababu ya moyo, figo au ini, na kutofautisha hayo ni kazi ya daktari na vipimo vyake. Mfamasia hapimi ugonjwa, wala habadilishi dozi kwa kichwa chake. Anaonyesha pale dawa zinapogongana, anapendekeza, na anahakikisha ujumbe umemfikia aliyeandika.

Mkifika, jiandaeni kwa maswali mengi, na tafadhali msiyaone kuwa udadisi. Mimi sipendi kuuliza, "Unameza dawa zako vizuri, mama?" kwa kuwa jibu lake huwa ni ndiyo. Nauliza, "Jana jioni ulimeza zipi, na ulikuwa umekula nini?" Hapo ndipo unapogundua kwamba bahasha iliyoandikwa 1×3, yaani kidonge kimoja mara tatu kwa siku, ilieleweka kuwa vidonge vitatu kwa mkupuo, au kwamba dawa ya presha huachwa siku ambazo kichwa hakiumi, au kwamba metformini, dawa ya kisukari, inamezwa siku moja na kurukwa siku nyingine ili chupa ifike mwisho wa mwezi. Hilo la mwisho halihitaji karipio. Linahitaji mfamasia atafute dawa yenye kiini (kemikali yenyewe inayotibu) kile kile kwa bei ambayo familia inaimudu, na aseme waziwazi kwamba ya bei nafuu iliyosajiliwa inafanya kazi ile ile.

Ramadhani hunihangaisha kuliko miezi mingine yote, na kama mama yako hufunga, mwende kabla haijafika, si siku ya kuandama kwa mwezi. Akiwa anatumia glibenklamidi, dawa nyingine ya kisukari, ajue kwamba dawa hiyo huisukuma kongosho itoe insulini hata pale ambapo tumbo ni tupu, na nguvu yake hudumu kwa saa nyingi. Anayeimeza wakati wa daku kama alivyozoea asubuhi anaweza kuanguka alasiri. Metformini peke yake haina hatari kubwa ya aina hiyo, lakini nyakati zake nazo hubidi zipangwe upya, na mpango huo uidhinishwe na daktari. Sukari ikishuka chini ya 3.9 mmol/L, afungulie hapo hapo. Masheikh wengi pia wameeleza kwamba kujidunga kidole ili kupima hakubatilishi saumu.

Kuna jambo ambalo watu hulificha, nalo ni dawa za kupunguza makali ya virusi vya UKIMWI. Anayemeza dolutegraviri pamoja na metformini anatakiwa kwa kawaida asizidishe miligramu 1,000 za metformini kwa siku, na vidonge vya tumbo vya kupunguza asidi vinapaswa kutengana na dolutegraviri kwa saa kadhaa. Mfamasia asiyeambiwa hawezi kulinda. Mna haki ya kuomba kuzungumza pembeni, mbali na foleni, na mfamasia anayeijua kazi yake atakubali bila kuuliza sababu. Vivyo hivyo kwa mitishamba: itajeni, hata kama mliipata kwa mtu mnayemheshimu.

Angalieni pia mnaingia wapi. Sheria ya Uganda ya mwaka 1993, iliyounda Mamlaka ya Kitaifa ya Dawa, inatofautisha famasia na duka la dawa la kawaida, ambalo limepewa kibali cha dawa chache zisizohitaji cheti cha daktari. Famasia lazima iwe na mfamasia aliyesajiliwa, mtu aliyesoma miaka 4 chuoni na kufanya mazoezi ya kazi mwaka mmoja. Inanisikitisha kusema kwamba katika famasia nyingi jina lake liko ukutani ilhali yeye mwenyewe hayupo, kwa hiyo ulizeni, "Mfamasia anapatikana saa ngapi?" na mrudi saa hiyo.

Bebeni kila kitu kikiwa ndani ya pakiti zake, pamoja na madaftari yote mawili na majibu ya vipimo vya figo kama yapo. Kabla ya kuondoka, ombeni orodha moja iliyoandikwa kwa mkono unaosomeka: jina la kiini cha kila dawa, inatibu nini, inamezwa lini. Nakala moja ikae kwako, na nyingine mbili zibandikwe kwenye madaftari yote mawili. Dawa yoyote ikibadilishwa, presha ipimwe tena baada ya wiki mbili hadi nne. Na ikiwa miongoni mwa hizo saba mna enalaprili, dawa ya presha, kisha midomo au ulimi ukaanza kuvimba, au mama akakosa pumzi, msije kwangu wala kwa mfamasia mwingine: dawa hiyo asiimeze tena, mwende hospitali saa hiyo hiyo.